Maneno ya Kumetameta

Xavérine alikaa karibu na Mugeni, fundi wa picha wa mtaa wa Nyamirambo, macho kwenye kompyuta. Alitaka yale maneno ya kumetameta ambayo watu hutumiana, amtumie binti yake Ingrid kwa simu. Ingrid aliolewa Ubelgiji siku nyingi, na tangu hapo hajakanyaga nyumbani.

"Niandikie: Tumekukumbuka sana, sisi tuko wazima, usiwe na wasiwasi."

Mugeni akacheka. "Mama, hiyo si salamu, ni mahubiri! Herufi zitakuwa nyembamba kama sindano, mng'aro utakaa wapi?"

Akamwonyesha kazi yenyewe. Neno moja analitengenezea picha tatu, kila picha anaimwagia vidoa vya dhahabu mahali tofauti, kisha kompyuta inazipitisha moja baada ya nyingine bila kukoma, na jicho linadhani neno linawaka. Lakini herufi ziwe nene, tena chache.

"Punguza, mama."

Xavérine akatoa wasiwasi. Akatoa na uzima, ambao ulikuwa uongo wa kila simu, maana magoti yalishamshinda. Likabaki Tumekukumbuka.

"Bado refu. Kwani unataka nini kwake?"

Miaka yote hakuthubutu kulitamka neno lenyewe, asije akamlemea mtoto.

"Andika Njoo."

Herufi nne zikajaa kioo, nene, zinawaka. Mugeni akalihamishia neno kwenye simu ya Xavérine, naye akalituma mwenyewe. Mugeni akapokea mteja mwingine, lakini Xavérine hakuondoka. Alibaki pale, simu mapajani, akingoja mtoto aseme lini.