Mstari wa Mwalimu Nohemí

Ufa ulionekana kwanza mlimani, juu ya shamba la kahawa la Arcesio Cardona, baada ya tetemeko dogo ambalo wengi wetu pale Aguasal tulilisahau siku hiyo hiyo. Mhandisi wa mkoa alikuja, akautazama, akasema ukifika upana wa sentimita thelathini mtu asilale chini yake. Akapanda gari lake, na hatukumwona tena.

Dada yake Arcesio, Nohemí, alikuwa mwalimu wa hisabati shuleni kwetu. Alipima ufa: sentimita sita. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa alipanda na futi ya fundi. Nane. Kumi. Kumi na mbili.

Jumatatu alichora grafu ubaoni, wiki zikienda kulia, upana ukipanda juu. Akaweka nukta zake nne, kisha rula. Zote zilikaa kwenye mstari mmoja mnyoofu.

"Chukueni nukta mbili zozote," aliwaambia wanafunzi. "Tazameni upana umeongezeka kiasi gani, mgawanye kwa wiki zilizopita."

Sita kugawanya kwa tatu, mbili. Huo ndio mteremko wa mstari: sentimita mbili kwa wiki. Na kwa kuwa ulianzia kwenye sita, akaandika mlinganyo: y = 2x + 6. Mahali pa y akaweka thelathini. Jibu likatoka: wiki ya kumi na mbili.

Kabla ya jioni mji mzima ulikuwa na habari. Waliokuwa wamefunga virago wakavifungua. Arcesio alimfuata dada yake jikoni, uso umemkunjuka.

"Kwa hiyo nina mpaka wiki ya kumi na mbili."

"Una mpaka ya kumi. Usinichezee, Arcesio."

"Kumi inatosha. Nachuma, nauza, nahama." Akajimiminia maji ya moto ya sukari guru. "Na mimi nilivyokuwa nasema hesabu zako hazinoneshi hata kuku. Nimefuta kauli."

Nohemí alicheka. Alifurahi, kwa kweli. Ilikuwa mara ya kwanza kaka yake kumwuliza jambo la kazi yake.

Mvua ilitangulia majira. Jumapili ya wiki ya nane mlinganyo ulitaka ishirini na mbili. Futi ilisoma ishirini na sita. Alifuta matope, akapima upya. Ishirini na sita. Akashuka moja kwa moja hadi kwa kaka yake, sketi imelowa hadi magotini.

"Ondokeni leo. Mstari umepinda."

"Mstari mnyoofu unapindaje, Mwalimu?"

"Mvua imeingia ndani. Mlima hauendi tena mbili kwa wiki."

"Unaenda ngapi?"

"Sijui."

"Si uliniambia kumi kwa mdomo wako?"

"Nilikuambia nilichokijua siku ile."

Arcesio alitazama miti yake, imewiva yote, imejaa matone. "Dada yangu, ukinipa namba nitakutii. Hiyo 'sijui' yako haiwezi kuniachisha kahawa mtini." Kisha akalainika. "Haya, mchukue Obdulia na wasichana wangu. Mimi namalizia safu za juu na vibarua, halafu nakuja."

Mke wake, Obdulia, alibeba mablanketi na sufuria moja. Hawakuagana sana.

Jumanne mchana, watoto wakiwa wanakula shuleni, mlima ulishuka. Mngurumo haukuwa mrefu. Tulipotoka nje, pale palipokuwa na shamba, nyumba na barabara palikuwa na udongo mwekundu tu, bado unatembea. Tulichimba kwa majembe na kwa mikono. Vibarua wawili walipatikana kwanza, Arcesio mwishoni, mfuko wa kuchumia ukiwa bado umefungwa kiunoni.

Nohemí alirudi darasani. Anafundisha mteremko na mlinganyo kama zamani, lakini chaki yake huishia kwenye nukta ya mwisho iliyopimwa. Mwanafunzi akimwambia aendeleze mstari, humpa chaki na kumwuliza anaupeleka wapi, na nani kamwambia.

Obdulia na wasichana wanakaa kwake. Kwa muda mrefu wanawake hao wawili walisemezana mambo ya chumvi na kuni tu. Halafu asubuhi moja, akikanda unga wa mahindi wa mikate ya arepa, Obdulia alisema bila kuinua macho:

"Usingemtajia kumi na mbili, angeondoka mwanzoni kabisa."

"Ndiyo."

"Na usingekuja ile Jumapili, tungefukiwa sote."

"Ndiyo."

"Basi sijui nikuweke wapi."

Unga ulikuwa mkavu. Nohemí alichukua kikombe, akamwongezea maji kidogo kidogo, na Obdulia akaendelea kukanda.