Namba Kumi na Tisa Hayupo

Ukumbi ulifungwa miezi minane kwa sababu ya ugonjwa na marufuku ya mikusanyiko, na siku hiyo ukafunguliwa kwa sababu ya mkubwa. Ndivyo mzee wa pazia alivyojisemea alipowaona walinzi wakipuliza dawa kwenye viti ambavyo panya walikuwa wameshagawana. Watu wa maigizo walikatazwa hata kufanya mazoezi wakiwa watano. Leo wameitwa thelathini, wamepangwa jukwaani, kila mmoja kwenye duara lake la chaki na barakoa usoni, wapewe kiroba cha unga na dumu la mafuta mbele ya kamera.

Yeye alikuwa namba kumi na tisa. Namba hiyo aliifuata kwa miguu wiki sita. Ofisi moja ilimwambia yeye si msanii, ni fundi, aende kwa mafundi. Kwa mafundi wakamwambia pazia ni sanaa, arudi kwa wasanii. Alirudi, akaenda, akarudi tena, mpaka soli ya kiatu ikalika upande mmoja. Nyumbani unga uliisha juzi. Mkewe, mshonaji wa mavazi ya ukumbi huohuo, alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri mtungi wa oksijeni, wiki ileile redio ilipotangaza kwamba mitungi ipo ya kutosha. Hayo maneno, ya kutosha, yalimkaa kooni mpaka leo hayapandi wala hayashuki.

Asubuhi karani wa misaada alimjia mbio, faili kwapani.

"Mzee, mkubwa akiingia pazia lipande. Linapendeza kwenye kamera."

"Lile halivutwi pembeni, mwanangu. Linapanda juu, na chini limebeba bomba la chuma. Ndoano ya kufungia kamba iling'oka ukutani. Nimeripoti ofisini kwenu mara tatu."

"Kwa hiyo halipandi?"

"Linapanda. Ila lazima mtu aishike kamba mpaka litakaposhuka. Tulikuwa wawili, mwenzangu ameenda kwao kulima."

"Ni dakika kumi tu."

"Na namba yangu ikiitwa?"

"Utakuja chap, utarudi," karani akasema, ameshageuka.

Basi pazia likapanda, taratibu, bila kutikisika, kama alivyolipandisha miaka ishirini na sita. Mzee akajizungushia kamba kiunoni, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akatulia gizani pembeni mwa jukwaa. Mkubwa akasimama mbele kabisa, kwenye maikrofoni, akaanza. Wasanii ni kioo cha jamii. Wasanii ni hazina. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini, zikawa arobaini. Kioo cha jamii kilikuwa kimesimama kwenye chaki, kinabadilisha mguu. Mabega ya mzee yakaanza kuwaka. Alitamani kukohoa lakini akameza. Nyuma ya jukwaa mtu hakohoi.

Hatimaye mkubwa akakabidhi viroba viwili, akapigwa picha, akarudi kwenye maikrofoni kujibu waandishi. Waliobaki akaachiwa karani, mezani kule nyuma katikati ya jukwaa. Sharti lilibandikwa mezani: mhusika mwenyewe, kitambulisho mkononi, akiitwa mara tatu asipotokea anafutwa.

"Kumi na tisa!"

Mzee aliinua mkono. Nani angeuona? Nguo nyeusi, kwenye giza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, asionekane.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye mshonaji, alikuwa namba kumi na moja na ameshapata chake. Akauliza, "Nimchukulie? Yupo pale, ameshika kamba yenu."

"Mhusika mwenyewe, mama. Kumi na tisa, mara ya pili!"

Yule mama akamfuata mzee gizani, kiroba kichwani. "Shemeji! Unaitwa wewe! Umelala na macho wazi?"

"Shika kamba," mzee akanong'ona.

"Mimi? Na kilo zangu hizi? Nitapaa mpaka darini, mkubwa adhani ni sehemu ya sherehe."

"Basi nenda kamwambie anisubiri."

"Nimemwambia. Huyo haambiliki. Piga kelele wewe!"

Mzee akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Miaka yote hiyo, pazia likiwa juu, hajawahi kupandisha sauti pale, hata siku bomba lilipomvunja kidole.

"Namba kumi na tisa, mara ya tatu. Hayupo."

Karani akapiga mstari. Mzee aliiona ile kalamu ikienda upande wa kulia. Wiki sita za kutembea, na kalamu haikuchukua hata pumzi moja.

Angeweza kuiachia tu kamba. Lakini bomba lingemshukia mtu, na mikono yake haikuwahi kujifunza kuachia. Kwa hiyo akafanya anachokijua. Akaifungua kamba kiunoni, akaanza kulishusha, mkono baada ya mkono, polepole, kama mwisho wa mchezo wowote. Mkubwa alikuwa katikati ya sentensi, "serikali haitamwacha msanii yeyote," pazia likagusa sakafu nyuma ya visigino vyake. Yeye na kamera wakabaki upande mmoja. Wasanii, meza na viroba wakabaki upande wa pili.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamechoka mno. Mzee akatembea mpaka mezani, viganja vimechubuka.

"Nipo," akasema.

"Mzee, umefanya nini? Nimeshakufuta!"

"Nimeona."

Nje ya pazia minong'ono ikawa kelele. Sauti ya mkubwa ikapenya kitambaani: "Karani! Hii kitu ipandishwe mara moja! Tuko hewani!"

Karani akakimbilia kamba, akaining'inia kwa mikono miwili, miguu ikaacha sakafu. Hakujua kwamba huvutwa kwa kiuno, mguu ukiwa ukutani; pazia halikusogea hata kidogo. Akawatazama waigizaji. Mmoja akatazama dari, mwingine akafunga kamba za viatu. Shemeji akakaa juu ya kiroba chake, akajipepea.

"Mzee, tafadhali," karani akasema, jasho likimtiririka. "Mzee wangu."

Mzee hakufurahi. Alichotaka ni kukaa chini tu. Akatoa kitambulisho mfukoni, akakiweka juu ya daftari, pale penye mstari.

"Andika kwanza," akasema.