Ini Laandikiwa Barua ya Kujieleza

Ukurasa wa tatu wa fomu ndio uliomtibua Kipaza. Zile mbili za kwanza alizisoma kwa sauti, bintiye akitazama dari na foleni nzima ya kliniki ikijifanya haisikii. Huyu mzee aliwasemea wenzake kiwandani miaka thelathini na moja, na hakuna meneja aliyemwambia "punguza sauti" akajibiwa kwa adabu.

Mwaka juzi alikatwa utumbo, shubiri nzima, pamoja na uvimbe wa saratani. Sasa picha imeonyesha madoa mawili kwenye ini. Daktari anataka kuyadunga sindano, achukue kipande kikapimwe, ndipo ajue dawa ya kumpa. Bila sahihi, hakuna sindano.

"Sikia upuuzi huu," alisema. "'Sampuli ya utumbo na ya ini zitapimwa ili kulinganisha kujieleza kwa jeni.' Kujieleza! Jeni zangu zimeandikiwa barua?"

"Baba, tia sahihi twende."

"Mimi nimepewa barua za kujieleza kumi na nne. Kwa nini ulicheka mkurugenzi akihutubia, jieleze! Nazikumbuka zote, na tarehe zake. Kila aliyeniambia nijieleze, barua ya kunifukuza alikuwa nayo tayari kwenye droo. Leo na ini langu lijieleze? Kwa nani?"

Mtaalamu wa maabara, dada mwembamba mwenye doa la wino kwenye koti lake jeupe, akatoka ofisini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nani kaandika takataka hii?"

"Mimi."

Bintiye akaziba uso.

"Nilikosa neno," dada akasema. "Kila chembe ya mwili ina jeni zako zote, ila si zote zinazofanya kazi. Nyingine zimewashwa, nyingine zimezimwa. Na hayo madoa si saratani ya ini. Ni ile ile ya utumbo, imehama. Tunapima ilipofika huko imewasha nini."

"Yaani imetoka kwenye mavi ikapandishwa cheo."

"Tuseme imehamishwa kituo cha kazi."

Foleni ikaangua kicheko. Kipaza hakucheka, maana alishafika ibara ya tisa. "'Majibu atakabidhiwa daktari na watafiti.' Na mimi je?"

"Daktari atakueleza inavyofaa."

"Inavyomfaa nani? Kipande changu cha utumbo mlikigandisha kwenye nta mkakifungia kabatini. Nimeuliza mara sita kilionyesha nini. Mmoja ananiambia 'usijali', mwingine 'mshukuru Mungu'. Kabati lenu linanijua kuliko ninavyojijua! Andika hapa: nitasomewa mimi mwenyewe, na aliyepima, kwa Kiswahili cha watu. La sivyo, ini hili naondoka nalo."

"Baba, utakufa!"

"Basi nife nina habari."

Fomu ile hairuhusiwi kuandikwa pembeni. Dada akautazama mlango wa bosi wake, akatoa kalamu, akaandika pembeni, akatia sahihi. Kipaza naye akaweka yake chini, kubwa, ikapanda juu ya muhuri.

Wiki tatu baadaye dada aliwaita baba na binti ofisini kwake, akavuta kigoda, akatandaza karatasi mbili zilizojaa vidoti vyekundu na vya buluu.

"Nyekundu imewashwa, buluu imezimwa. Jeni hii hapa, utumboni ilikuwa kimya. Kwenye ini imewaka kupita zote. Dawa aliyoifikiria daktari mwanzoni haiigusi kabisa, kwa hiyo anabadilisha."

"Hiyo nyingine itaikomesha?"

"Sijui, mzee wangu. Wengine madoa yamesinyaa. Wengine haikuwasaidia kitu."

Bintiye akaanza kulia. Mzee akampa leso bila kuinua macho kwenye karatasi. Kisha akavaa miwani.

"Sogea karibu. Hiyo nyekundu iliyowaka hivyo, jina lake nani? Nitajie herufi moja moja, naandika."