Cherehani Isiyoshona Kitu

Kijino alimtazama mama yake mzazi kama mtu amtazamavyo mgeni aliyekosea nyumba, kisha akajitupa kifuani pa Fundi na kuangua kilio.

"Amenisahau, Dada," mama yake alisema.

"Atakuzoea," Fundi alijibu, akimpapasa mtoto mgongoni. Mdomo ulifariji, moyo ulishangilia.

Mdogo wake alikuwa amelazwa miezi saba kwa maradhi ya kifua. Fundi, mshona sare za shule ambaye hakujaaliwa kuzaa, alimpokea mtoto angali mchanga, akakesha naye homa kwa homa. Meno mawili ya chini yalipochomoza, ni yeye aliyempa jina la Kijino. Sasa mama mwenyewe amepona, amerudi, na Jumamosi anamchukua mwanawe.

Wiki nzima, kila baada ya chakula cha mchana, mama alijaribu kumlaza mtoto. Alimbembeleza, akamwimbia, akamzungusha chumba kizima. Wapi! Mwishowe Fundi alimchukua, akaingia naye chumba cha kazi na kufunga mlango. Haukupita muda, kimya.

"Una mkono wa baraka," mdogo wake alimwambia. "Tena akilala tu, nakusikia umeshaanza kushona."

Fundi hakumsahihisha. Saa hizo hakushona hata pindo. Alichomoa sindano, akampakata Kijino, akakanyaga cherehani tupu polepole, mpaka kichwa kidogo kikamlemea mkononi. Ndivyo mtoto alivyolala tangu wiki ya kwanza. Siri hiyo Fundi aliikalia kama kuku akaliavyo mayai.

Jirani aliyeleta sketi ya kupunguzwa kiuno ndiye aliyetia chumvi kwenye kidonda. "Mwachie mwenzako ahangaike naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mimi nilikuwa nalea jiwe?" Fundi alifoka, na sketi ya watu akaipunguza kupita kiasi. Usiku ule aliomba, bila haya, Kijino asimzoee mama yake kamwe.

Ijumaa mchana kilio kilizidi. Fundi alisukuma mlango, akamkuta mdogo wake katikati ya chumba, mtoto akijipinda mikononi mwake. Alikuwa amevaa aproni ya Fundi ya kazini, kuukuu, yenye madoa ya chaki na mafuta ya mashine.

"Nilidhani akisikia harufu yako atatulia," alisema bila kumtazama. "Dada, mimi nimeshindwa. Kesho nitaondoka peke yangu. Abaki kwako."

Ndilo neno ambalo Fundi alilingoja wiki nzima. Lilipofika, alilisikia chungu. Aliitazama ile aproni, ilivyompwaya mdogo wake kwenye mabega yaliyokondeshwa na maradhi.

"Vua hiyo, ina pini," alisema kwa ukali. "Utamchoma mtoto."

Akamkokota hadi chumba cha kazi, akamkalisha kitini, akachomoa sindano.

"Mpakate. Kanyaga hapa. Polepole, hushindani na mtu."

Mdogo wake alimkazia macho. "Kumbe hukuwa unashona?"

"Sikuwa nashona. Kanyaga."

Kijino alimnyooshea Fundi mikono yote miwili. Fundi alijua kwamba akibaki mbele ya macho yake, mtoto hatatulia. Akatoka uani, na kilio kikamfuata mpaka kwenye kamba ya nguo, akaishika kamba ile kwa nguvu. Cherehani ilikimbia, ikakwama, ikakimbia tena.

"Taratibu," alinong'ona.

Kidogokidogo mwendo ulikaa sawa. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikakoma.

Mtoto akishalala, mtu huacha kukanyaga. Hilo Fundi hakuwa amelisema. Ndani, cherehani iliendelea kuzunguka, na angeweza kuingia akamwambia mwenzake apumzike. Hakuingia. Alibaki ameshika kamba, na mguu wake wa kulia ulikanyaga mchanga kwa mwendo uleule.