Mahubiri ya Wifi Yake

Mchungaji Harrison alipotangaza kwamba Eunice ndiye atakayehubiri katika kongamano la akina mama pale Msambweni, Mbodze alipiga makofi kuliko wote. Alipiga mpaka viganja vikamwasha. Moyoni alikuwa akiungua.

Kanisa lile alilifagia yeye tangu lilipokuwa banda la makuti kando ya mashamba ya miwa ya Ramisi. Wagonjwa aliwatembelea, waliofiwa aliwapikia. Eunice amekuja juzi tu kutoka Mackinnon Road, kaolewa na Mwinga, mdogo wake Mbodze, na siku nzima yuko Diani anafua mashuka ya hoteli. Ana nini yeye? Ana sauti. Eunice akisoma Maandiko, hata watoto hunyamaza.

Siku chache kabla ya kongamano, Eunice alikuja, mtoto mgongoni, kumsaidia kupukuchua kunde.

"Ninaogopa, wifi. Sijawahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo."

"Umeandaa nini?"

"Habari za nabii Eliya kule Karmeli. Sote hukimbilia ule moto ulioshuka. Mimi nataka waone alichokifanya kabla ya moto. Aliwaita watu wamsogelee, akaitengeneza madhabahu iliyokuwa imevunjika, jiwe kwa jiwe. Maombi yalikuja baadaye. Sisi tunafunga, tunakesha, tunaomba moto, na mawe yetu yametawanyika. Huyu hasemi na yule, mke na mume wanapishana mlangoni kama wageni."

"Ni maneno mazuri," alisema Mbodze. Yalikuwa mazuri kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Sura ile ameisoma miaka yote, na hakuwahi kuyaona hayo mawe.

Siku ilipofika, Mbodze alipewa sala ya kufungua. Ukumbi ulijaa vitenge vya kila rangi, akina mama kutoka Kwale yote mpaka bara. Aliomba, akasema amina, lakini hakuketi.

"Kabla sijakaa, Bwana amenipa neno fupi."

Akalisema lote. Karmeli, watu kusogea, mawe, mke na mume mlangoni. Akina mama walipiga vigelegele. Mbodze hakuthubutu kutazama kiti cha mbele alichokalia Eunice. Utamu ulimjaa kifuani, na ulikaa humo kwa muda wa wimbo mmoja tu. Wimbo ulipokwisha, Eunice, aliyekuwa ametoka nje, alirudi akasimama.

Aliifunga Biblia aliyokuwa ameishika.

"Neno nililoliandaa mmekwisha kulisikia," alisema, "na wifi yangu amelisema vizuri. Sina la kuongeza. Eliya alipomaliza kujenga, maombi yake yalikuwa mafupi. Basi tusiombe bado. Aliye na jiwe lililoanguka aende akaliinue. Tutaomba baadaye."

Mwanzoni hakuna aliyejongea. Kisha mama mmoja mnene alinyanyuka nyuma kabisa, akapita katikati ya viti mpaka kwa dada yake, ambaye hawakuwa wakiamkiana naye tangu mgogoro wa shamba la baba yao. Akamshika mikono. Wote wawili wakalia. Wengine wakainuka, huyu huku, yule kule, ukumbi mzima ukawa kilio na kukumbatiana.

Mbodze alibaki amekaa. Maneno ameyachukua yote, na bado Eunice ndiye aliyepewa moto! Wivu ulimkaba upya, mkali kuliko wa kwanza. Alijua jiwe lake liko wapi, viti vitatu tu kutoka pale alipo. Hakulifuata. Chakula kilipopakuliwa, alisema kichwa kinamuuma, akaenda zake.

Wiki ile Eunice hakuja. Mwinga naye alipita njiani bila kuingia. Mwishowe, alasiri moja, Mbodze alijikaza akaenda kwao. Alimkuta Eunice akianika nguo.

"Wifi, nilikuibia."

"Ninajua."

"Sikuteleza. Niliamka siku ile nikijua nitakachofanya. Nilikuonea wivu, na hata sasa ninakuonea."

Eunice alikamua shuka mpaka maji yakaisha. "Wakati wa wimbo nilikwenda kulia chooni. Nilitaka kurudi niseme mbele ya wote kwamba wewe ni mwizi. Waliniona mtulivu, kumbe nina hasira. Sijui kama nimekusamehe."

"Nifanye nini?"

"Sema yalikuwa ya nani. Jumapili, kanisani."

 Mbodze angeona nafuu kutozwa faini ya ng'ombe. Lakini Jumapili alisimama, akasema kwa sauti iliyokatikakatika, na minong'ono ikamfuata mpaka kwenye benchi. Sala ya kufungua akapewa mwingine. Hakuna aliyempongeza kwa ujasiri wake, naye alirudi nyumbani peke yake.

Pasaka ilipokaribia, Mchungaji alimtaja Eunice tena kuwa mhubiri. Mbodze alisikia kule kuungua kulekule, wala hakujidanganya kwamba kumepoa. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa wifi yake, akamtoa mtoto mgongoni mwa mama yake, akamfunga mgongoni mwake yeye.

"Kaa usome," alisema. "Leo kupika ni juu yangu."

Eunice akaingia ndani kuitafuta Biblia.