Mkono wa Mama Mageni

Miaka yote ya kuendesha bodaboda pale Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, Boaz hakuwahi kushindana na mtu ila kwa kugombea abiria. Mashindano ya pikipiki yalipokuja, naye akajitosa. Jumamosi, kwenye mazoezi, alikula vumbi la wenzake mpaka akatamani kurudi kijiweni. Lakini Jumapili pikipiki ilimtii. Mzunguko wa mwisho aliuanza akiongoza, wachimbaji wakimshangilia kama ndugu yao wa damu.

Kwenye kona ya mwisho, mama mmoja akainua mkono.

Boaz akafunga breki. Hakufikiri; mkono ukiinuliwa kando ya barabara, bodaboda husimama. Wenzake wakampita kama nyuki, na umati ukaangua kicheko.

Alikuwa Mama Mageni, muuza dagaa, abiria wake wa kila asubuhi.

“Mwanangu, nilikuwa nakushangilia tu! Nimefunga hata genge nije kukuona.”

“Nani alikuita?” Boaz akamfokea mbele ya watu wote. “Mama mwenye mkosi wewe!”

Mama Mageni akaushusha ule mkono, akajifunga vizuri khanga yake, akaondoka.

Jumatatu Boaz alimkuta njiani, beseni la dagaa kichwani, anakwenda sokoni kwa miguu. Hasira zilikwisha kumtoka, ikabaki aibu. Akamtangulia kidogo, akaegesha pikipiki, akashuka na kuinua mkono kama abiria.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba,” akaitika kwa adabu zote, akampita.