Fundo Baada ya Kila Shanga

Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Uongo mtupu. Mwenye shibe anamjua vizuri mno: kampiga picha, kamchapisha kwenye kadi, kisha kamning'iniza kwenye mkufu.

Ndivyo Mama Fundo alivyojikuta ananing'inia. Jina hilo alibandikwa na wenzake pale karakana ya shanga, kwa kuwa kila shanga aliyoitunga aliikazia fundo kabla ya kutia nyingine. Ni kazi ya kuchubua vidole, lakini mkufu wake ukikatika hudondoka shanga moja tu. Zilizobaki hukaa na heshima zao.

Mikufu iliuzwa kusaidia wodi ya watoto njiti. Siku nne za juma wanawake walifanya kazi kwa ujira. Ijumaa walitunga bure, kwa hiari yao, kwa ajili ya wodi ile. Na wazo hilo lilikuwa lao wenyewe. Hakuna kadi iliyolitaja.

Binti yake ndiye aliyeileta kadi nyumbani. Mwalimu alinunua mkufu, akalisomea darasa zima kadi yake.

"Mama, eti tulikuwa tunaokota makombo jalalani?"

"Nani kasema?"

"Wewe. Imeandikwa hapa, na picha yako juu."

Picha ilikuwa yake kweli, macho yamefurika machozi. Aliikumbuka siku ile: alikuwa anamenya vitunguu vya mchana. Binti akautupa mkoba kitandani, akaapa kwamba shule hakanyagi tena wakati mama yake anavaliwa shingoni kama ombaomba.

Asubuhi Mama Fundo alimkabili ofisini mratibu wa karakana, mwandishi wa kadi zile.

"Dada yangu," mratibu akasema kwa sauti ya asali, "machozi ndiyo yanauza. Vumilia kidogo, ni kwa ajili ya watoto."

"Basi uza ya kwako. Vitunguu nitakuletea."

Mratibu akacheka. Alidhani ni mzaha.

Siku ya maonyesho ya kuuza mikufu, kabla milango ya ukumbi haijafunguliwa, Mama Fundo alizikata kadi zote kwa mkasi, akafunga nyingine alizoandikiwa na binti yake kwa mwandiko wa kupendeza. Bibi Koleo, mkunja waya asiyeisha maneno, alimshikia mikufu.

"Wakitufukuza je, bibi?"

"Mwanangu, mimi nina meno matatu. Watanifanya nini, waning'oe?"

Milango ikafunguliwa. Mgeni rasmi, tajiri mwenye tumbo la kutangulia, akachukua mkufu wa kwanza, akasoma kwa sauti: "Mkufu huu una mafundo tisini na sita. Aliyeufunga ametoa Ijumaa yake kwa ajili ya watoto njiti. Wewe umetoa nini?"

Tajiri akaurudisha mkufu mezani polepole, kana kwamba umemng'ata. Mratibu akamvuta Mama Fundo pembeni, kucha zikimzama mkononi.

"Umetuaibisha! Panda jukwaani sasa hivi uombe radhi, la sivyo kesho kiti chako kitakaliwa na mtu mwingine."

Mama Fundo akapanda. Kiti kile ndicho kilichomlisha binti yake miaka sita, na binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anasubiri kuona mama yake ni yupi: wa kadi ya zamani au wa kadi mpya. Akautoa mkasi mfukoni, akainua mkufu wa kazi yake mwenyewe, akaukata mbele ya watu.

Shanga moja ikaanguka. Ikabiringika, tik, tik, tik, hadi kwenye kiatu cha mgeni rasmi. Zilizobaki hazikutikisika.

"Mmeona," akasema kwenye kipaza sauti. "Sijawahi kuokota makombo. Ningekuwa nimeokota, ningesema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Machozi yale ni ya vitunguu. Mikono hii haipokei sadaka hapa, inatoa, kama ya kwenu. Mkipenda kazi, nunueni, watoto wanasubiri. Mkitaka kunihurumia, mlango uko pale, mpisheni tu binti yangu."

Mratibu alikuwa anamkonyeza kwa hasira, midomo ikiunda neno lile lile.

"Naambiwa niombe radhi," Mama Fundo akasema. "Siombi."